Visima vitatu vilivyokosekana

Modeli ilikuwa ya plastiki, ya kipimo cha 1 kwa 350, na meli yenyewe ilikuwa USS Arleigh Burke ya Marekani, ya kwanza katika aina ya manowari iliyopewa jina lake. Meli halisi ina urefu wa mita 154. Juu ya meza yangu ilikuwa sentimita 44, na kwa majuma mawili niliishi nayo kila jioni, kibano mkono huu, brashi nyembamba mkono ule.

Kwenye sitaha ya mbele, nyuma ya mzinga, kuna uwanja mdogo wa miraba. Kila mraba ni mfuniko wa kisima ambamo kombora limesimama wima likisubiri siku yake. Kwa kipimo cha modeli, mfuniko mmoja hauzidi milimita 2. Nilitaka kuipaka rangi mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo nikaihesabu. Ikawa 29. Nikarudia. Ikawa 29 tena. Nilikuwa nimeshasoma kwamba mtambo huu hujengwa kwa mafungu ya visima vinane vinane, na mafungu manne ni 32. Nikageukia tezi, kwenye uwanja mkubwa wa nyuma, ambako nilitarajia 64. Nikapata 61. Nikaamini kabisa kwamba aliyechonga kalibu ya modeli ile amekosea, tena mara mbili, na mara zote kwa tofauti ileile ya visima vitatu.

Hakuwa amekosea. Nilipotafuta picha za meli halisi zilizopigwa kutoka juu niliona kwamba pale ambapo visima vitatu vingekuwapo pana mfuniko mmoja mrefu, na chini yake imelala kreni iliyokunjwa. Kazi ya kreni ile ilikuwa kupandisha makombora mapya na kuyashusha visimani meli ikiwa katikati ya bahari, pasipo kurudi bandarini. Kreni moja mbele, kreni moja nyuma, kila moja kwa gharama ya visima vitatu. Silaha sita zimeachwa nyumbani ili kuwe na njia ya kuongeza nyingine baadaye.

Tangu jioni ile naisoma meli hii kwa namna moja tu: natafuta kilichotolewa ili kingine kiingie. Makala nyingi juu ya manowari huorodhesha silaha, moja baada ya nyingine, kama mtu anayekagua ghala. Orodha haina kosa, ila haikuambii kwa nini kitu kipo pale kilipo, wala kilichofukuzwa hapo kilikuwa nini. Na mimi hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Tuanze na kisima chenyewe, maana ndicho moyo wa manowari hizi. Mtambo unaitwa Mk 41. Kisima kimoja kina upana wa sentimita 63 hivi, na katika toleo refu kinashuka karibu mita 8 chini ya sitaha. Kombora haliingizwi tupu. Linafika gatini likiwa ndani ya kasha lake, limefungwa tangu kiwandani, na kasha ndilo linaloshushwa. Likishakaa, linaunganishwa kwa nyaya na mtambo unatambua mara moja ni mgeni wa aina gani aliyeingia. Kwa hiyo kisima kilekile leo kinaweza kuwa na SM-2 ya kutungulia ndege na makombora, safari ijayo kikawa na Tomahawk ya kupiga shabaha ya nchi kavu iliyo mbali zaidi ya kilomita 1,000, na safari nyingine kikawa na roketi inayobeba topido na kuidondosha baharini juu ya nyambizi. Kuna na kombora dogo, ESSM, ambalo hupakiwa manne katika kisima kimoja. Nahodha akiondoka bandarini, mpangilio wa visima vyake ndio kauli ya wakubwa wake kuhusu wanachotarajia kukutana nacho.

Kabla ya hapo meli zilikuwa na mikono ya kurushia. Kombora lilipandishwa kutoka ghalani, likatundikwa kwenye mkono, mkono ukageuka kuelekea shabaha, ndipo likarushwa, na mkono ukarudi kuchukua jingine. Mkono ukikwama, ghala zima limekwama, hata kama chini mna makombora 40 yenye afya. Visima viliondoa ugonjwa huo. Kimoja kikiharibika, vilivyobaki havina habari.

Namna kombora linavyotoka ni jambo ambalo nilipolielewa nililazimika kurudi kwenye modeli na kupaka upya. Roketi huwashwa ikiwa bado iko ndani ya kisima. Moto hauna pa kwenda ila chini, kwenye chemba moja inayotumiwa na visima vyote vinane vya fungu. Humo hugeuka na kupanda kwa kupitia njia ya moshi iliyo katikati, baina ya safu mbili za visima vinne vinne, na kutokea juu ya sitaha kando ya kombora lenyewe. Ukitazama picha za urushaji kwa makini utaona ndimi mbili: moja ni ya kombora linalopaa, nyingine inachomoza kwenye mwanya mwembamba pembeni. Na wasanifu walifikiria hata siku ambayo roketi itawaka na kombora likakataa kutoka. Chemba imejengwa kustahimili, na maji yapo tayari kumwagwa. Mwanya ule niliupaka rangi ya masizi. Hakuna atakayeuona, lakini upo.

Kisima hakina macho. Macho ya meli ni yale mabamba manne ya pembe nane yaliyobandikwa kwenye kuta za jengo la mbele, kila moja likiwa na upana wa karibu mita 3.7. Ndiyo rada ya SPY-1D, na pamoja na kompyuta zake na silaha zinazofungamana nazo, mfumo mzima unaitwa Aegis, jina la ngao ya Zeu katika hekaya za Wayunani. Aliyeusimamia kwa miaka mingi ni Admirali Wayne E. Meyer, aliyekuwa na msemo wa kazi: jenga kidogo, jaribu kidogo, jifunze mengi.

Rada ya zamani ilizunguka. Ndege ikipita upande mmoja, rada ikiwa imegeukia upande wa pili, habari zilisubiri mzunguko ukamilike. Bamba la SPY-1 halizunguki. Lina vipande 4,350 vya kutolea mawimbi, na kwa kuchelewesha kidogo mawimbi ya kipande hiki na kuwahisha ya kile, mwali wote unahama kutoka kona moja ya anga hadi nyingine pasipo kitu chochote kusogea. Unaweza kuwa kwenye upeo wa bahari, kisha juu kabisa, kisha ukarudi kuchungulia kombora lako mwenyewe lililoko njiani, vyote kwa muda usiotosha kupepesa jicho.

Hapa pana jambo la nafasi ambalo halisemwi vya kutosha. Manowari kubwa za aina ya Ticonderoga, zilizotangulia kubeba Aegis, ziligawa mabamba yao katika majengo mawili, mbele na nyuma. Kwa Burke, wasanifu waliyakusanya yote manne kwenye jengo moja la mbele, kila moja likitazama mshazari, ili kuokoa uzito. Ukizitazama hizo pembe zilizokatwa za jengo, hazikukatwa kwa urembo. Umbo la meli limefuata rada kama kiatu kinavyofuata mguu.

Uzito huo huo ndio unaoeleza kwa nini mabamba yako chini kuliko ambavyo mtu angependa. Dunia ni mviringo, na rada haiinami kufuata mgongo wake. Chukua rada iliyo mita 15 juu ya maji na kombora linaloruka mita 5 juu ya mawimbi. Vitu hivyo viwili haviwezi kuonana mpaka vikaribiane kiasi cha kilomita 25. Kombora linalokwenda mita 300 kwa sekunde humaliza umbali huo kwa sekunde 80 na kidogo. Ndani ya sekunde hizo meli iligundue, ilitambue, iamue, ifungue kisima, irushe, na ibaki na muda wa kurusha la pili endapo la kwanza litakosa. Waingereza kwenye meli zao za Type 45 walichagua njia nyingine: rada nyepesi zaidi, inayozunguka, ikapandishwa kileleni mwa mlingoti mnene ili ione mbali zaidi. Walipata urefu wa macho, lakini kwa visima 48 tu. Mimi sioni mmoja wao kuwa mjinga. Kila upande ulilipia kitu ili upate kitu.

Kuna rada nyingine tatu ndogo, SPG-62, zinazofanana na masufuria yaliyoinamishwa. Kombora la SM-2 halina mwanga wake. Katika sekunde za mwisho linahitaji mtu alimulikie shabaha kwa mawimbi ili lifuate mwangwi. Tatu zinatosha kwa sababu kila kombora linamulikiwa mwishoni tu, na kompyuta huzigawa zamu. SM-6, iliyokuja baadaye, ina rada yake puani na haisubiri kumulikiwa.

Siwezi kuusifu mfumo huu nikaacha tarehe 3 Julai 1988. USS Vincennes, meli ya aina ya Ticonderoga yenye Aegis, iliirushia makombora mawili ndege ya abiria ya Iran Air, safari namba 655, juu ya Ghuba ya Uajemi. Watu 290 walikufa, wakiwamo watoto 66. Kumbukumbu za kompyuta zilionyesha ndege ikipaa, kama ilivyokuwa kweli ikipaa. Ndani ya chumba kile chenye giza, katikati ya makabiliano na boti za Iran, watu walisadiki kwamba inashuka kuwaelekea. Mashine iliona sawasawa. Yaliyoharibika yaliharibika kati ya kioo na jicho, na hakuna idadi ya vipande vya rada inayoweza kuziba pengo hilo.

Sasa bodi, yaani mwili wa meli wenyewe. Tarehe 22 Novemba 1975, usiku, karibu na Sicily, USS Belknap iligongana na meli kubwa ya kubeba ndege, USS John F. Kennedy. Majengo ya juu ya Belknap yalikuwa ya aluminiamu, na moto ulipowaka yaliyeyuka, yakashuka hadi kwenye sitaha. Watu 8 walipoteza maisha kwenye meli zote mbili. Aluminiamu ilipendwa kwa wepesi wake. Wepesi wa juu ndio unaoipa meli uthabiti. Kwa Burke waliamua kurudi kwenye chuma. Lakini chuma juu kinataka kulipiwa chini, na malipo yake ni upana. Ndiyo maana meli hii ina kiuno kinene, mita 20 kwa urefu wa mita 154, na omo iliyotanuka juu. Wengine huiona mbaya. Mimi nikikumbuka Belknap naona ule unene kama kitu cha heshima.

Kuta zimeinamishwa ili mawimbi ya rada ya adui yaruke pembeni badala ya kurudi yalikotoka, na mlingoti nao umelazwa kwa nyuma. Ndani, hewa ya sehemu kubwa ya meli husukumwa kwa shinikizo lililo juu kidogo kuliko la nje na kupitia vichujio, ili sumu ya gesi au vumbi la nyuklia lisipate upenyo. Sehemu nyeti zimevikwa kevla, kitambaa kigumu cha kuzuia risasi na vipande.

Injini nitazipita haraka. Ni turbini nne za gesi aina ya LM2500, jumla ya nguvu farasi 100,000, za ukoo mmoja na injini ya ndege ya mizigo ya C-5. Meli inapita maili 30 za baharini kwa saa. Turbini haiwezi kuzunguka kinyume, kwa hiyo ukitaka kurudi nyuma huigeuzi injini. Unageuza mapanga ya rafadha yenyewe, yanajipinda kwenye kitovu chake na kusukuma maji upande wa pili. Vilevile kuna mfumo wa kupuliza mapovu ya hewa kuzunguka bodi na kwenye rafadha, ili nyambizi inayosikiliza isipate sauti safi ya meli. Nampenda aliyewaza kwamba povu ni pazia.

Burke ya kwanza ilipokabidhiwa rasmi kwa Jeshi la Wanamaji la Marekani, mjini Norfolk, Julai 4, 1991, haikuwa na banda la helikopta. Ilikuwa na kiwanja tezini na mahali pa kuongezea mafuta, basi. Kwa meli iliyokusudiwa pia kuwinda nyambizi, hilo lilikuwa pengo kubwa, kwa sababu helikopta ndiyo inayofika mbali na kudondosha topido kabla nyambizi haijafika karibu. Toleo la Flight IIA, lililoanza na USS Oscar Austin mwaka 2000, likaongeza banda la helikopta mbili. Tazama basi jinsi vitu vinavyosukumana. Banda limesimama nyuma, kwa hiyo mabamba mawili ya rada ya nyuma yaliinuliwa zaidi ya mita 2 ili yaone juu ya paa lake. Makombora ya Harpoon, ya kupigia meli, nane kwenye meli za mwanzo, yakaachwa. Sona (sikio la kunasa nyambizi) ya kukokotwa kwa kamba ndefu nyuma ya meli ikaachwa pia, ingawa meli kadhaa zilikuja kupewa mpya baadaye. Na kreni mbili zikang'olewa. Visima vikawa 32 na 64, jumla 96, hesabu ile niliyoitarajia mezani kwangu.

Kreni hazikuonewa. Kombora zito ndani ya kasha lake ni mzigo wa zaidi ya tani moja, refu kama lori, na linatakiwa kusimamishwa wima na kuingizwa kwenye tundu lisilo na nafasi ya ziada hata ya vidole, huku sitaha ikiyumba kushoto na kulia. Kwa makombora makubwa kreni zile hazikuwa na nguvu ya kutosha, na kwa madogo kazi ilikuwa ya polepole na ya hatari. Wanamaji waliacha kuzitegemea. Hivyo visima vitatu vilivyokosekana vilirudi, na pamoja navyo ikarudi sheria ya zamani: silaha zikiisha, unarudi bandarini.

Mizinga na silaha ndogo zina mahali pao. Mzinga wa mbele, Mk 45, una kipenyo cha milimita 127 na hurusha hadi ganda 20 kwa dakika, kila moja likiwa na uzito wa zaidi ya kilo 30. Kwa miaka mingi ulionekana kama mabaki ya zama za babu, lakini katika Bahari ya Shamu umetumika hata kutungua droni, na ganda moja ni rahisi mno kuliko SM-2 inayogharimu takriban dola milioni 2. Phalanx ni bunduki ya mitutu sita yenye rada yake yenyewe, inayotema risasi za milimita 20 kwa kasi ya 4,500 kwa dakika. Ni ngao ya mwisho kabisa. Mwishoni mwa Januari 2024, taarifa zilisema kombora lililorushwa na Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, lilifika kiasi cha maili moja kutoka USS Gravely kabla ya Phalanx kulivunja. Kwa kasi tuliyoitumia juu, maili moja ni sekunde tano au sita.

Lakini kipigo kikubwa zaidi kilichowahi kuipata meli ya aina hii hakikutoka angani. Oktoba 12, 2000, USS Cole ilikuwa kwenye bandari ya Aden, Yemen, ikijaza mafuta. Boti ndogo yenye watu wawili ikasogea ubavuni, na baruti ikalipuka. Tundu lilikuwa na upana wa zaidi ya mita 10. Ilikuwa karibu na saa ya chakula cha mchana, na mlipuko ulifika pale watu walipokuwa wakipanga foleni. Mabaharia 17 walikufa, zaidi ya 30 walijeruhiwa. Rada inayofuatilia vitu vilivyoko mamia ya kilomita haikuwa na la kusema kuhusu boti iliyokuja polepole, mchana kweupe.

Nikifika hapo ndipo naelewa ule usanifu wa ndani usioonekana kwenye modeli. Kuta za ndani zilizogawanya bodi katika vyumba vingi visivyopitisha maji, chuma kizito, mitambo iliyotawanywa ili kipigo kimoja kisizime kila kitu. Vilifanya kazi yake, na watu walifanya yao. Usiku mafuriko yalipoanza upya na umeme kukatika, walitoa maji kwa ndoo, mkono kwa mkono. Cole haikuzama. Meli ya kubebea mizigo mizito, Blue Marlin, ilizama nusu, ikaingia chini yake, ikainuka nayo mgongoni na kuirudisha Marekani. Ilitengenezwa katika kiwanda cha Ingalls, Pascagoula, na Aprili 2002 ilirudi kazini. Kwenye korido ya foleni ya chakula, sakafuni, zimewekwa nyota 17. Mabaharia hupita juu yake kila siku wakienda kula.

Karibu miaka 17 baada ya Cole kulipuliwa ulikuja msiba mwingine, na huu ulinifunza kwamba hata meza ya usukani ni sehemu ya silaha. Mwezi Juni 2017 USS Fitzgerald iligongana na meli ya makontena karibu na Japani, wakafa 7. Agosti 21, karibu na Singapore, USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta ya Alnic MC, wakafa 10. McCain ilikuwa imewekewa vioo vya kugusa mahali pa vishikio vya kasi. Walipotaka kuhamisha udhibiti wa kasi kutoka meza moja kwenda nyingine, usukani nao ukahama pasipo wao kutambua. Wakaamini umeharibika. Walipopunguza kasi, wakapunguza rafadha moja, ya pili ikaendelea, na meli ikajigeuza kuelekea njia ya mwenzake. Baada ya uchunguzi, Jeshi la Wanamaji lilitangaza mwaka 2019 kwamba litarudisha vishikio vya kushikwa kwa mkono. Kishikio unakijua kilipo bila kukitazama. Kioo laini hakikuambii chochote mpaka ukisome, na gizani, kwenye njia yenye msongamano, kusoma ni anasa.

Admirali Arleigh Burke mwenyewe alikuwa hai meli ilipopewa jina lake, jambo la nadra, na siku ya kuikabidhi alihudhuria akiwa mzee sana. Aliwaambia mabaharia kwamba meli hiyo imejengwa kupigana, na ni heri wajue namna. Nikisoma habari za McCain, nusu ya pili ya maneno yale ndiyo inayonijia.

Toleo la sasa, Flight III, lilianza na USS Jack H. Lucas, iliyokabidhiwa Oktoba 2023. Bamba la rada yake, SPY-6, limejengwa kwa masanduku 37, kila moja likiwa na upana, urefu na kina cha sentimita 60 hivi, na kila moja ni rada kamili kwa nafsi yake. Baadhi yakiharibika, bamba linaendelea kuona. Lakini lina njaa ya umeme na joto lake ni kubwa, kwa hiyo jenereta tatu zimekuwa za megawati 4 kila moja, mitambo ya kupoza imeongezwa, na bodi ni ileile iliyochorwa miaka ya 1980. Uzito umepanda kutoka tani 8,300 hivi hadi karibu 9,700. Kwa maoni yangu bodi hii imefika mwisho wake. Zaidi ya 70 zimejengwa, na kila toleo limebana zaidi palipokuwa pamebaki. Visima bado ni 96. Type 055 ya China, iliyoingia kazini mwaka 2020, ina 112; Sejong the Great ya Korea Kusini ina 128.

Hata hivyo, swali la visima vingapi lina pacha wake, nalo ni swali la vinajazwaje. Oktoba 19, 2023, USS Carney, meli ya toleo la kwanza yenye visima 90, iliyojengwa ikiwa na kreni mbili, ilikuwa Bahari ya Shamu pale makombora na droni za Wahouthi zilipoanza kuja. Ilizitungua kwa saa kadhaa, na miezi iliyofuata ikaendelea, yeye na wenzake. Kila kilichorushwa kiliacha kisima kitupu, na kisima kitupu hakijazwi kwa kutamani. Wahenga wa bahari walisema, kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Meli iliyomaliza visima vyake huacha zamu yake na kusafiri mpaka kwenye gati lenye kreni na maji yaliyotulia, na siku zote hizo mahali pake baharini pako wazi au pameshikwa na mwingine anayepungukiwa vilevile.

Mwezi Oktoba 2024, mbali kidogo na pwani ya San Diego, USS Chosin ilisafiri sambamba na meli ya ugavi, USNS Washington Chambers. Chosin ni ya aina ya Ticonderoga, yenye uwanja wa visima 61 mbele na 61 nyuma. Nayo ilijengwa ikiwa imetoa vitatu vitatu kwa ajili ya kreni. Kasha la kombora lilivushwa kwa kamba kutoka meli moja hadi nyingine, likapokewa na mtambo uliowekwa juu ya mifuniko, unaotembea kwenye reli zake. Mtambo ukalisogeza hadi juu ya kisima kilichochaguliwa, ukaliinua wima, na kulishusha polepole huku meli ikiwa safarini. Kasha lilikuwa tupu, kwa ajili ya majaribio. Mtambo wenyewe unafungwa kazi inapokuwapo na kufunguliwa inapokwisha. Haukuchukua nafasi ya kisima hata kimoja.